Vitu Vyangu Vimetoka Kabatini

Katika sebule ya mama yangu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, limesimama kabati la vioo ambalo lilikuwapo kabla sijaanza shule. Ndani yake mna vikombe vya wageni vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu, sinia mbili ambazo sijawahi kuona zikibeba kitu chochote, tembo watatu wa jiwe la Kisii waliopangwa kwa kimo kama wanafunzi kwenye gwaride, na picha ya marehemu baba akiwa amevaa suti ya kuazima. Ufunguo hukaa ndani ya birika lililo juu ya kabati hilohilo, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba ile alipafahamu na hakuna aliyethubutu kupagusa. Juu ya kabati kumetandikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, na juu ya hayo yote, karibu kabisa na dari, zimetundikwa picha za ukoo zikiinamia mbele kidogo, kana kwamba wazee waliomo wanachungulia ni nani ameingia.

Silitaji kabati hilo ili nilicheke. Mama hakuwahi kuingia katika jumba la makumbusho, lakini alijua kwamba kitu cha thamani huhitaji kioo cha kuzuia vumbi, kufuli la kuzuia mikono, na mahali pa heshima ndani ya nyumba. Kwa hiyo nilipohamia Kisumu kufundisha na kupanga nyumba ya vyumba viwili mtaani Migosi, kitu kikubwa cha kwanza nilichonunua baada ya kitanda kilikuwa kabati kama lile. Nikalijaza vyote nilivyokuwa nimekusanya tangu chuoni: vinyago na bakuli za jiwe la Kisii, santuri za muziki wa benga, sarafu za kale, vikapu, redio mbili za betri zisizolia tena, na chungu kimoja kilichokuwa cha nyanya yangu. Vikajaa hadi mlango ukawa haufungi bila kusukumwa kwa goti.

Jumapili moja nilirudi kutoka soko la Kibuye na sarafu ya senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1964, ile yenye tundu katikati, ya toleo lililotoka baada ya uhuru bila jina la mfalme wala malkia. Nilikuwa nimeibishania bei kwa nusu saa na kujihisi mjanja. Nilipofungua kabati ili niiweke, nikakuta ninayo tayari, ya mwaka huohuo, imelala chini ya bakuli la jiwe. Hasara yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimeishi na kitu hicho kwa miaka miwili, hatua tatu kutoka kochi ninalokalia kila jioni, na sikujua kwamba ninacho.

Nilipofikiri sana nikaona kosa lilikuwa wapi. Sebule zetu ni za mgeni. Kochi lenye kitambaa cheupe ni lake, kikombe kizuri ni chake, na kabati la vioo limeelekezwa pale atakapoketi. Lakini mgeni wangu huja mara mbili au tatu kwa mwezi, na akija huketi akitazama televisheni. Mimi ndiye ninayepita ukumbini mara ishirini kwa siku, ninayesimama jikoni nikingoja chai ichemke, ninayevaa viatu mlangoni alfajiri nikiwa nimechelewa. Kama nimekusanya vitu hivi kwa sababu navipenda, basi vinapaswa kukaa ninapopita mimi. Tangu siku hiyo, kila nilichokipanga nimekipanga kwa kufuata jambo hilo moja, na karibu makosa yangu yote yalitokea pale nilipolisahau.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni kimo. Wanaotundika picha katika majumba ya sanaa huzoea kuweka kitovu cha picha kiasi cha sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kwa sababu hapo ndipo macho ya mtu aliyesimama yanapotua. Sisi hutundika kwa kusimama juu ya kiti, kisha tunamwachia mgeni kazi ya kupinda shingo. Ukumbini, ambako watu hupita wakiwa wamesimama, nimefuata kipimo hicho. Sebuleni, ambako watu huketi, nimeshuka zaidi. Niliketi kochini, nikamwomba mtoto wa jirani aweke alama ya penseli ukutani mbele ya macho yangu, na futi ya kupimia ikaonyesha sentimita 112. Picha ya kwanza iliyotundikwa hapo ilionekana kama imeteleza kutoka mahali pake. Baada ya wiki moja, zile za juu zilizobaki ndizo zilizoanza kuonekana kama zimetoroka.

Mawe yalinipa taabu kuliko vyote, na ninayaeleza kwa kirefu kwa sababu nyumba nyingi za huku zina jiwe la Kisii hata pale ambapo mwenye nyumba hajioni kuwa mkusanyaji. Jiwe hili huchimbwa Tabaka, katika kaunti ya Kisii, na hutoka likiwa na rangi tofauti: jeupe, la kijivu, la waridi, lenye manjano, mara nyingine lenye mishipa ya rangi mbili. Huitwa jiwe la sabuni kwa sababu ya utelezi wake, unaotokana na talki, madini yaliyo chini kabisa katika kipimo cha ugumu cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10. Wachongaji huanza kulikata kwa panga, wakaendelea kwa visu, kisha likasuguliwa kwa msasa ndani ya maji hadi likawa laini kama ngozi. Ulaini huo ndio unaofanya lichongeke, na ndio unaofanya funguo zilizotupwa ndani ya bakuli kila jioni ziache mikwaruzo isiyofutika. Bakuli langu la mlangoni limepata alama hizo. Ninaziona kila siku na sijawahi kuhamisha funguo.

Lakini kumbe jiwe laini si jiwe jepesi. Uzito wake ni karibu mara 2.7 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo kinyago chenye ujazo wa lita mbili hukaribia kilo tano na nusu. Mimi nilikuwa na vipande 23. Nilipotaka kuvitoa kabatini na kuviweka kwenye rafu ndefu ukumbini, fundi aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, akaniambia, "Mwalimu, hapa juu ni plasta, na chini ya plasta kuna mchanga mwingi kuliko saruji. Rafu itashika, lakini usiweke mawe." Nikamwambia kwamba nitaweka machache. Aliweka mabano mawili ya chuma, akapima kwa pimamaji, na rafu ikakaa sawasawa. Nilianza na mawe manne. Kufikia mwisho wa muhula yalikuwa kumi na moja, kwa sababu kila nilipopita niliona nafasi ya moja zaidi.

Rafu ilianguka usiku wa manane. Haikuvunjika, ilichomoka ukutani pamoja na skrubu na plagi zake, ikiacha matundu manne makubwa yenye mchanga unaomwagika taratibu kama wa saa ya mchanga. Mawe mawili yalipasuka, na moja kati yake ni kinyago cha familia, watu watano walioshikana mikono kwa duara, ambacho kilichongwa kutoka jiwe moja bila kiungo na kwa sababu hiyo hakiungiki vizuri kwa gundi yoyote. Mwenye nyumba alipoona matundu alinitoza gharama ya plasta, na sikuwa na la kujitetea. Siku hizi mawe mazito yanakaa chini: mengine kwenye stuli fupi ya mbao ngumu, mengine sakafuni penyewe kando ya mlango, na kiboko mmoja mkubwa anazuia mlango wa chumba cha kulala usipigwe na upepo. Naona jiwe limetulia zaidi likiwa chini. Mabano ya fundi nimeyahamishia upande wa ukuta wenye matofali mazuri, na rafu hiyo sasa imebeba vikapu, ambavyo kumi na viwili kwa pamoja havifikii uzito wa kiboko yule.

Vikapu navyo vina adui wao, ambaye ni jua. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mstari wenyewe unakatiza Maseno, na wanaosafiri kwa barabara ya Busia hupita kibao chake. Maana yake kwa mwenye kupanga nyumba ni kwamba hatuna upande mmoja wa nyumba ulio salama mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua huelekea kaskazini na kuingia kwa madirisha ya upande huo, mwezi wa Desemba huhamia kusini, na dirisha la magharibi hupigwa na jua kali la alasiri katika kila mwezi. Vitabu na magazeti ya upambaji yanayoandikwa Ulaya husema kwamba dirisha la kaskazini halina madhara. Huko kwao ni kweli. Mimi niliamini, nikatundika kikapu cha mkonge chenye mistari ya zambarau mkabala wa dirisha la kaskazini mwezi wa Januari, na kufikia Agosti zambarau ilikuwa imekuwa rangi ya maji ya kuoshea viatu, isipokuwa upande wa nyuma uliogusa ukuta, ambao bado unang'aa. Kioo cha dirisha hakisaidii sana, kwa kuwa hupunguza sehemu tu ya miale inayochujua rangi. Nilichofanya ni kutembea ndani ya nyumba na chaki, Juni mara moja na Desemba mara moja, nikichora ukutani na sakafuni pale jua linapofika. Ndani ya michoro hiyo naweka mawe yasiyotiwa rangi na vyombo vya udongo. Kitu chochote chenye rangi ya kupakwa, karatasi, kitambaa au ukindu hukaa nje yake.

Santuri pia hazitaki jua, kwa sababu joto huzipinda. Ninazo za kutosha za benga, nyingi zikiwa zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, na miongoni mwake nyingi ni za mwanamuziki D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, ambazo wazee wa hapa Kisumu wakiziona huacha mazungumzo yoyote tuliyokuwa nayo. Santuri husimamishwa wima kama vitabu, zikisaidiana bila kubanana. Zikilazwa moja juu ya nyingine, zile za chini hubeba uzito wa zote na kuharibika. Zile kubwa zipatazo 100, pamoja na majalada yake, hukaribia kilo 25 hadi 30, kwa hiyo somo la mawe linahusika na hapa pia. Nimeziweka katika makreti mawili ya soda ya mbao, ya zamani, yaliyolazwa ubavu chini ya meza ya kulia chakula, ambako hakuna jua na ambako mkono wa aliyeketi unafika. Kuzitundika ukutani kwa misumari, kama nilivyoona katika mkahawa mmoja mjini, kwangu ni ukatili. Nikitaka kuonyesha moja, nina kijiti chenye mfereji mezani kinachosimamisha jalada moja, na hubadilishwa na yeyote anayekula chakula hapo. Wiki hii ni mwanafunzi wangu wa zamani aliyechagua, na alichagua kwa kutazama rangi ya karatasi ya katikati tu.

Sarafu sina mengi ya kusema juu yake. Ni ndogo mno kupamba chumba, na anayetaka kuzitumia kama pambo la ukuta hujilazimisha kutengeneza fremu kubwa ambayo ukiwa mbali inaonekana kama ubao wa vifungo. Zangu zimelala katika droo isiyo na kina, juu ya kitambaa cha pamba, kando ya kitanda. Zile zenye tundu tu, senti kumi zenye pembe za ndovu kila upande wa tundu, ndizo nilizozitunga kwa uzi wa pamba na kuning'iniza kwenye ndoano mlangoni, na ile ya 1964 niliyoinunua mara mbili ipo hapo, pacha wawili pamoja. Nitaongeza hili tu: usizing'arishe. Niliwahi kusugua shilingi moja ya kale kwa majivu na limau hadi ikawa kama kijiko kipya, na muuzaji wa Kibuye aliitazama, akanirudishia mkononi bila kutaja bei.

Mwanga ndio jambo nililodhani kuwa rahisi. Nilinunua utepe wa taa za LED, ambazo hazitoi joto kama balbu za zamani, nikaubandika chini ya rafu ya vikapu. Kwa majuma matatu ukumbi ulikuwa mzuri hata nikawa natafuta sababu ya kupita. Kisha ukaja usiku wa wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka kutoka majini kwa wingi hadi ukiwa mbali unadhani ni moshi. Hawaumi, ila wanafuata taa. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Asubuhi nilikuta kila kikapu kimejaa miili midogo iliyokauka, ndani ya kila tundu la ususi, na nilipojaribu kufuta kwa kitambaa chenye maji ikaacha madoa ya kijani. Nilitumia brashi ya rangi, ile laini ya inchi moja, kikapu baada ya kikapu, siku nzima ya Jumamosi. Wavu wa dirisha ulikuja Jumatatu. Taa ziliondolewa chini ya rafu na sasa ziko ndani ya ukumbi, mbali na dirisha, nazo huwashwa madirisha yakiwa yamefungwa.

Kutokana na siku hiyo ya brashi niligundua pia kwamba kikapu kimoja kilikuwa na unga mwepesi chini yake, ishara ya wadudu wanaotafuna ukindu kutoka ndani. Dawa ya kupuliza ningeogopa kuitumia kwa kitu ninachokigusa kila siku. Nilikifunga kikapu barabara ndani ya nailoni, nikakiweka kwenye friza kwa wiki mbili, na nilipokitoa nikakiacha kimefungwa siku nzima hadi kikarudi kwenye joto la chumba, ili umande ukae juu ya nailoni na si juu ya ukindu. Watunzaji wa makumbusho hutumia njia hiyohiyo kwa vitu vya nyuzi na mbao. Samaki walihamia kwa jirani wakati huo, na sijalipa deni hilo bado.

Si vyote viko nje. Kabati la vioo bado ninalo, limehamishiwa chumba cha kulala, na hukaa vile ambavyo havijafikiwa na zamu. Kila muhula unapofungwa, mimi hurudisha vichache kabatini na kutoa vingine, kwa sababu nimeona kwamba hata kitu kilicho mahali pazuri huanza kupotea machoni baada ya miezi mitatu au minne. Na kati ya kitu na kitu naacha nafasi, jambo lililonigharimu ubishi na nafsi yangu, maana nimelelewa kuamini kwamba rafu yenye nafasi ni rafu ya mtu aliyeishiwa.

Mama alikuja mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto. Aliingia, akatazama ukuta ambao ulipaswa kuwa na kabati, akauliza, "Mwanangu, uliibiwa?" Nilimzungusha nyumba nzima. Mawe ya sakafuni hakuyapenda. Alisema ni ya kujikwaa. Vikapu alivisifu. Alipofika kwenye chungu cha nyanya alisimama. Nilikuwa nimekiweka peke yake kwenye meza nyembamba mwisho wa ukumbi, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, kwa kuwa kitako chake ni cha duara na hakisimami, na kwa kweli nilikuwa na fahari na mahali pale kuliko pengine popote nyumbani.

"Kikavu hivi?" aliuliza. Alikibeba hadi jikoni, akakisuuza mara tatu, akakijaza maji yaliyochemshwa na kupoa, akakirudisha juu ya ngata na kukifunika kwa sahani.

Kufikia kesho yake asubuhi kilikuwa kimetoa jasho pande zote, kama inavyokuwa kwa udongo usiotiwa vanishi. Maji hupenya polepole hadi nje, na yanapokauka huchukua joto na kuacha ya ndani yakiwa baridi. Ngata ilikuwa imelowa, na kwenye meza yangu nyembamba kulikuwa na duara jeusi ambalo sijaweza kulitoa kwa msasa wala kwa nta. Mama alikunywa bilauri mbili na kusema maji yana ladha ya udongo wa kwao. Nimekihamishia jikoni, kwenye pembe iliyo mbali na jiko, juu ya sinia ambayo naimwaga kila jioni. Ile meza bado iko mwisho wa ukumbi na duara lake, na sijaweka kitu juu yake.